Umeme wa jua Kigoma: Tusimwache mwananchi peke yake dukani

Katika ofisi nyingi za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na katika vyumba vya walimu kutoka Mwandiga hadi vijiji vya mwambao wa kusini, mazungumzo juu ya umeme wa jua huishia kwenye kauli mbili zinazopingana. Wa kwanza husema kwamba mtu wa kawaida hawezi kufunga mtambo wa jua nyumbani kwake kwa sababu ya vibali, leseni na urasimu. Wa pili humjibu kwamba jua ni la Mungu, halina mita wala mwenyewe, na kwa hiyo anayelipia umeme wa aina nyingine hajui hesabu. Wote wawili wamekosea, na makosa yao yanawagharimu wananchi fedha nyingi. Wa kwanza anaogopa kibali ambacho hakipo. Wa pili anasahau gharama ambayo ipo. Kati ya hofu ile na usahaulifu huu amejipenyeza mtu wa tatu, naye ni mlanguzi wa betri mbovu na paneli za uongo, ambaye hakuna anayemzungumza.

Makala haya yanakusudia kusema jambo moja. Serikali yetu imekwisha kumfungulia mwananchi mlango wa umeme wa jua, kwa kumwondolea leseni na kwa kumpunguzia kodi. Lakini kumfungulia mtu mlango si kumlinda akishaingia ndani. Kilichopungua Kigoma leo si ruhusa ya kufunga sola. Kilichopungua ni ulinzi wa yule anayeinunua, na utunzaji wa ile iliyokwisha kufungwa kwa fedha za umma.

Tuanze na vibali. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haimdai leseni ya uzalishaji mtu anayezalisha umeme chini ya megawati moja. Megawati moja ni wati milioni moja. Mtambo wa nyumba ya mwalimu au karani huwa wa wati 100, 200 au 300. Ili mwalimu huyo afikie kiwango cha kuombewa leseni, ingembidi atandaze paneli elfu kumi za wati mia moja moja. Kwa hiyo mwananchi anayetaka taa, redio na televisheni kwa nguvu ya jua hana haja ya kusafiri kwenda kuomba ruhusa ya kuzalisha umeme. Anayemwambia vinginevyo, ama hajui sheria, ama anataka kitu.

Hata hivyo yapo mambo manne ambayo sheria na busara vinayadai, na mtumishi wa umma hana budi kuyajua ili awaeleze wenzake.

La kwanza ni fundi. Leseni haimhusu mwenye nyumba, bali inamhusu yule anayefanya kazi ya kufunga nyaya. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutoa leseni kwa mafundi umeme kwa madaraja, kulingana na elimu na uzoefu wao. Swali la kumwuliza fundi kabla ya kumpa kazi si "Utanitoza kiasi gani?" peke yake, bali pia "Leseni yako iko wapi?"

La pili ni nyumba ambayo tayari ina umeme wa TANESCO. Mwenye nyumba ya namna hiyo akitaka kuongeza sola, lazima mifumo hiyo miwili itenganishwe kwa swichi maalumu, ili umeme wa paneli usirudi katika nyaya za barabarani. Fundi wa TANESCO anayepanda nguzo akiamini kwamba laini imezimwa anaweza kuuawa na umeme unaotoka katika nyumba ya mtu. Na kama mwenye nyumba anakusudia kuingiza umeme wake wa ziada katika gridi kwa makubaliano, zipo Kanuni za mwaka 2018 zinazohusu jambo hilo, nazo zinamtaka kupeleka maombi na kufunga mita inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Hapo kibali kinahitajika, na ni haki kihitajike.

La tatu ni kuuza. Anayewasha taa zake mwenyewe ni mtu mmoja, na anayevuta waya kwenda kwa majirani na kuwatoza fedha ni mwingine. Huyo wa pili amekuwa mtoa huduma, na huduma ya umeme ina kanuni zake chini ya EWURA. Asianze kabla hajauliza.

La nne linawagusa watumishi moja kwa moja. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za Serikali, za halmashauri au za kupanga. Paa si mali yetu. Kabla ya kulitoboa, tupate idhini ya maandishi, na idhini hiyo itaje wazi kwamba mtambo ni mali ya aliyeununua, ili siku ya uhamisho pasizuke ugomvi kati yake na anayeingia. Walimu wangapi wamehama wakiacha paneli juu ya paa kwa kukosa barua ya mistari mitatu?

Hayo ndiyo masuala ya vibali. Mtu mwenye haki ataona kwamba si mlima.

Sasa tuje kwenye gharama. Hapa nako Serikali imefanya sehemu yake. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 imeziweka paneli, vidhibiti chaji, inveta na betri za sola miongoni mwa bidhaa zisizotozwa kodi hiyo. Ni msaada mkubwa, maana kodi yenyewe ni asilimia 18. Lakini mwananchi ajue kwamba msamaha huo haufuniki kila kitu kinachoingia nyumbani pamoja na paneli: waya, swichi, televisheni na mengineyo vina taratibu zake. Ajue pia kwamba kodi iliyosamehewa na Serikali inaweza kubaki mfukoni mwa mfanyabiashara. Duka likiuza betri ya sola kwa bei ileile ambayo ingeuzwa kama kodi ingekuwapo, msamaha umemfaidia mwenye duka, si mwalimu wa Kalya.

Baada ya hapo ni hesabu, na kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu ni walimu na watumishi, tuifanye pamoja. Chukua nyumba yenye taa nne za wati saba, zinazowaka saa tano kila usiku: hizo ni watisaa 140. Redio ya wati kumi kwa saa nne ni 40. Kuchaji simu mbili ni kama 20. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa nne ni 120. Jumla ni watisaa 320 kwa siku, yaani karibu theluthi moja ya uniti. Kwa kuwa umeme mwingine hupotea katika betri na nyaya, paneli haina budi kuvuna kama watisaa 460. Tukihesabu saa nne za jua kamili, ambazo ni hesabu ya tahadhari kwa ajili ya miezi ya mawingu na mvua, nyumba hiyo inahitaji paneli ya wati 120 hivi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba watisaa 1,200, lakini kama ni ya risasi na asidi, haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa sababu kila inapokaushwa maisha yake yanafupika.

Je, umeme huo una thamani gani? Hapa ndipo wengi hushangaa. Mteja mdogo wa TANESCO asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya tozo nyingine. Kwa bei hiyo, matumizi tuliyoyataja ni shilingi 32 kwa siku, au kama shilingi 1,000 kwa mwezi. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba betri inanunuliwa kwa shilingi 300,000 na inadumu miaka mitatu. Gharama ya betri peke yake, bila paneli wala fundi, ni zaidi ya shilingi 8,000 kila mwezi. Mtu mwenye nguzo ya umeme mbele ya mlango wake, ambaye anakataa kuvuta umeme kwa madai kwamba sola ni ya bure, anajidanganya mara nane.

Lakini geuza hesabu hiyo kwa mtu asiye na nguzo. Tuseme nyumba yake ina simu mbili, na kila moja huchajishwa dukani mara tatu kwa wiki kwa shilingi 500. Hizo ni shilingi 12,000 kwa wiki nne, kabla hajanunua mafuta ya taa wala mawe ya tochi, na kabla mtoto hajafungua daftari usiku. Kwa mtu huyu sola nzuri ni akiba ya kweli. Kati ya hao wawili yuko mkazi wa pembezoni mwa mji, anayehesabiwa kuwa wa mjini hali kitongoji chake kina sura ya kijiji. Tangu Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini, kwa njia moja, ilipangwa kuwa shilingi 320,960 pasipo nguzo, 515,618 kwa nguzo moja na 696,670 kwa nguzo mbili, wakati kijijini ni shilingi 27,000. Mtu wa nguzo mbili anayo haki ya kukaa chini na kalamu na kulinganisha. Sola, basi, si dini ya kuaminiwa na wote. Ni chombo, na chombo hupimwa kwa kazi na kwa mahali.

Kwa watu wa Ziwa Tanganyika mahali hapo panajulikana. Kusini mwa Kigoma na kaskazini kuelekea Kagunga, viko vijiji ambavyo barabara yao kubwa ni maji. Sukari, saruji, daftari na dawa huenda kwa boti. Hata uvuvi wa dagaa, ambao ndio uhai wa mwambao, ni kazi ya nuru: usiku usio na mbalamwezi taa huvuta dagaa katika wavu, na karabai za mafuta zimekuwa zikizipisha taa za betri. Watu hawa hawahitaji kuhubiriwa juu ya thamani ya mwanga. Wamekwisha kuununua kwa fedha zao. Swali ni nini wanachouziwa.

Ndugu yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha mwambao wa kusini, alikuja mjini wakati wa likizo akiwa na fedha alizozikusanya kwa mwaka mzima. Katika duka moja alionyeshwa paneli yenye karatasi nyuma iliyoandikwa wati 200. "Mwalimu, hii utawasha mpaka friji," aliambiwa. Akauziwa pia betri iliyong'arishwa vizuri, na inveta isiyo na jina la kiwandani. Hakupewa risiti, kwa maelezo kwamba akiitaka bei itapanda. Akapakia mzigo katika boti, akasafiri usiku kucha, akafunga mtambo kwa msaada wa kijana wa kijijini. Miezi ya kwanza ilikuwa sherehe. Watoto wa darasa la saba walikuja kujisomea sebuleni kwake. Mwezi wa nane taa zilikuwa zikizimika saa mbili usiku, na wa tisa betri ilikufa kabisa. Alipopeleka malalamiko dukani aliulizwa risiti.

Nilipomtembelea niliipima paneli ile kwa rula ya ubaoni. Haikufika hata nusu ya mita ya mraba. Na hapa nawapa walimu wenzake kipimo ambacho hakihitaji mtaalamu: paneli bora za siku hizi hutoa takriban wati 200 kwa kila mita ya mraba. Pima urefu, pima upana, zidisha. Paneli ya nusu mita ya mraba haiwezi kutoa wati 200, hata ikaandikiwa hivyo kwa wino wa dhahabu. Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi, lakini mwalimu wa hesabu hakuambiwa na mtu yeyote kwamba anaweza kuitumia dukani. Hilo ndilo kosa letu sote, sisi waandishi tukiwamo.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Lakini si haki kumtupia mnunuzi lawama yote. Mwalimu huyo alipoteza akiba ya mwaka, na watoto wale walirudi gizani. Sheria haikumdai leseni, na hilo ni jema. Lakini hakuna ofisi iliyomwambia ni mafundi gani wa Kigoma wenye leseni. Hakuna bango lililomweleza alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Hakuna aliyelitembelea duka lile kabla yake. Uhuru wa kununua pasipo ulinzi umegeuka uhuru wa kuibiwa.

Wapo wafanyabiashara wengine ambao hawauzi kwa fedha taslimu, bali kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Mpango huo umewasaidia wengi wasio na akiba, na haufai kubezwa. Lakini mkopaji afanye zidisho kabla ya kutia sahihi. Tuseme ni shilingi 1,500 kwa siku kwa miaka mitatu: jumla yake ni shilingi 1,642,500. Je, mtambo huo dukani unauzwa kiasi gani kwa fedha taslimu? Betri ikifa katika mwaka wa pili, nani anaibadili? Ukikosa kulipa wiki moja, taa zinazimwa? Maswali hayo matatu yaandikwe na kujibiwa kwa Kiswahili katika mkataba, si kwa mdomo wa wakala.

Nimezungumza juu ya nyumba ya mtu mmoja. Lakini Kigoma ina somo kubwa zaidi, nalo ni la mali ya umma. Februari 2008, mjini Dar es Salaam, Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush wa Marekani walishuhudia makubaliano ya msaada wa dola milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Katika msaada huo Kigoma ilitarajiwa kupata umeme wa maporomoko ya Mto Malagarasi. Baada ya uchunguzi wa mazingira kuonyesha kuwapo kwa viumbe adimu katika sehemu ile ya mto, mradi uliachwa, na badala yake mkoa ukapangiwa umeme wa jua. Mpango ulilenga shule za sekondari 45, vituo vya afya 10 na zahanati 120, pamoja na biashara za vijijini. Muda wa msaada wote ulimalizika Septemba 2013.

Hapana shaka ulikuwa mpango wa heshima. Mama aliyejifungulia kwenye mwanga, badala ya tochi iliyoshikwa mdomoni na mkunga, hahitaji kuelezwa faida yake. Lakini tufanye hesabu nyingine. Paneli iliyofungwa mwaka 2012 au 2013 inaweza kuendelea kufanya kazi hadi miaka 25. Betri ya risasi ya wakati ule, hata ikitunzwa kama mboni ya jicho, ilikwisha kumaliza umri wake zamani. Kwa hiyo kila zahanati na kila shule iliyopata mtambo ule, na ambayo bajeti yake haikutenga fedha ya betri mpya, imebaki na paneli nzima juu ya paa na giza chini yake. Paa linang'aa mchana, wodi haina mwanga usiku. Fedha ya wafadhili hununua mtambo mara moja. Fedha ya betri ya pili na ya tatu ni yetu, na lazima itoke katika vitabu vyetu wenyewe. Hiyo ndiyo maana halisi ya kujitegemea: si kukataa msaada, bali kuweza kuuendeleza baada ya msaidizi kwenda zake.

Yatupasa basi tuwaulize wakurugenzi wa halmashauri, wakuu wa shule na waganga wafawidhi: je, katika orodha ya mali za kituo chako paneli zimeandikwa? Nani ana ufunguo wa sanduku la betri? Nani husafisha vumbi? Katika bajeti ya mwaka huu kuna kifungu cha betri? Kifungu kidogo cha kila mwaka, kikiwekwa bila kuguswa, kinatosha kununua betri baada ya miaka minne au mitano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa sola ni mtambo mpya mzima.

Watakuwapo watakaosema kwamba mazungumzo haya yamepitwa na wakati. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa ulianza kuingia mkoani kwetu kupitia Nyakanazi, baada ya miongo mingi ya majenereta ya dizeli. Mradi wa Malagarasi nao umerudi katika sura mpya ya megawati 49.5. Serikali imetangaza kuvifikia vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, sasa unaelekea vitongojini. Hayo yote ni ya kweli na ni ya kujivunia. Lakini kijiji kufikiwa si kila nyumba kuwashwa. Kutoka nguzo ya mwisho hadi kitongoji cha juu ya mlima au cha ng'ambo ya ghuba, yuko mtoto ambaye atamaliza darasa la saba kabla waya haujafika. Huyo haombi kusubiri. Anaomba betri isiyo ya uongo.

Watakuwapo pia watakaosema kwamba ukaguzi zaidi utapandisha bei, na vibali vitarudi kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo ina msingi, na mimi sitetei kibali kipya hata kimoja kwa mwenye nyumba. Ninachotetea ni kubana upande wa muuzaji, si upande wa mnunuzi. Mwenye duka ndiye anayejua mzigo umetoka wapi. Yeye ndiye aonyeshe alama ya viwango, atoe risiti, aandike dhamana. Mkaguzi asimfuate mwalimu juu ya paa lake. Amfuate mlanguzi ghalani mwake.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache ambayo hayahitaji sheria mpya wala mfadhili.

Kila halmashauri ya mkoa wa Kigoma ibandike katika mbao zake za matangazo, hadi ofisi za kata na vijiji, orodha ya mafundi wenye leseni ya EWURA wanaofanya kazi katika eneo lake. Karatasi moja ingewaokoa wengi.

TBS na Tume ya Ushindani wafanye ukaguzi wa mara kwa mara katika maduka ya mjini, na katika mialo kama Kibirizi ambako mizigo hupakiwa kwenda vijijini, maana mzigo ukishapanda boti hakuna anayeukagua tena.

Vyuo vya ufundi stadi vichukue vijana kutoka vijiji vya mwambao wenyewe, wajifunze kufunga na kutengeneza sola, kisha warudi kwao wakiwa na leseni. Fundi aliye safari ya siku mbili kwa boti si fundi wa kijiji hicho. Kijana huyo atajua kwamba hapa kwetu, nyuzi tano kusini mwa Ikweta, paneli ielekee kaskazini kwa mwinamo mdogo tu ili mvua iisafishe, na kwamba kivuli cha mchikichi mmoja kinaweza kunyima nyumba nzima umeme.

Shule zifundishe hesabu ya sola kama hesabu ya kweli. Wati mara saa, mita mara mita, shilingi mara siku: ni mazoezi mazuri kuliko yale ya matangi yanayojazwa na kuvuja kwa wakati mmoja. Mtoto akiijua hesabu hiyo, mzazi wake hatadanganywa.

Na betri zilizokufa zisitupwe ufukweni wala kuvunjwa na watoto ili kupata risasi. Risasi ni sumu, na huwaumiza watoto kuliko watu wazima. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini kina hicho si ruhusa ya kuligeuza jalala. Muuzaji anayeleta betri mpya atakiwe kupokea ya zamani.

Ndugu wasomaji, wengi wenu ndio wasomi pekee katika kijiji mnachofanyia kazi. Mvuvi akitaka kununua sola atawauliza ninyi kwanza, kwa sababu mnajua kusoma kilichoandikwa nyuma ya paneli. Msimjibu kwa uvivu kwamba ni vibali, wala kwa wepesi kwamba ni bure. Mpimieni paneli kwa rula. Msomeeni mkataba. Mwambieni adai risiti, na akinyimwa aondoke na fedha zake. Na ninyi mlio katika ofisi za mipango na fedha, fungueni kitabu cha bajeti kesho asubuhi, mtafute kifungu cha betri za zahanati. Kama hakimo, kiandikeni.

Ndugu yangu mwalimu ameanza tena kuweka akiba. Safari hii, kabla ya kushuka mjini, amenituma nimtafutie mambo mawili: jina la fundi mwenye leseni, na duka linalotoa risiti bila kuombwa. La kwanza ilinichukua siku tatu kulipata. La pili bado naulizia.